Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi za Jumuiya: taarifa mnazo, wa kuzijibu ni nani?

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki,
na kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Makao Makuu ya Jumuiya, Arusha.

YAH: TAHADHARI ZA MAPEMA ZISIZOPATIWA MAJIBU

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Ujiji, Kigoma, ambako habari za vita hufika kwa maji kabla hazijafika redioni. Boti za Burundi na Kongo zinapotia nanga mwalo wa Kibirizi na kushusha mawese, vitenge na mikungu ya ndizi, hatuna cha kuuliza. Zikianza kushusha magodoro, masufuria na vikongwe waliobebwa mgongoni, tunajua kuna mahali pamechafuka. Mara nyingi tunajua na mahali penyewe, kabla msemaji wa serikali yoyote hajashika kipaza sauti.

Kwa hiyo hutushangaza kidogo kila mgogoro unapolipuka ukanda huu na tamko la kwanza kutoka kwenye ofisi za kikanda likasomeka kana kwamba jambo limedondoka kutoka mawinguni. Jumuiya imesikitishwa, inafuatilia kwa karibu, inazitaka pande zote zijizuie. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika migogoro yetu lilisemwa kila mara, kwa maandishi, na watu wenye majina. Taarifa hazijawahi kukosekana. Ambaye hajawahi kupatikana ni mtu anayelazimika kuzijibu, na ndiye ninayemwombea nafasi katika barua hii.

Nianze na Burundi, maana ile tuliipokea kwa mikono yetu.

Aprili 2014, mwaka mzima kabla ya vurugu, waraka wa ndani wa ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Bujumbura ulivuja. Ulieleza madai kwamba silaha zinagawiwa kwa Imbonerakure, vijana wa chama tawala. Serikali ikakanusha na kumfukuza ofisa usalama wa ofisi hiyo. Mwezi uliofuata akakamatwa Pierre Claver Mbonimpa, mzee wa haki za binadamu anayejulikana Burundi nzima, baada ya kusema redioni kwamba vijana wanapelekwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, kufundishwa kijeshi. Yaani onyo lilitolewa, likasikika vizuri kabisa, na hatua iliyochukuliwa ikawa ni kumweka ndani aliyelitoa. Agosti 2015 akapigwa risasi akiwa ndani ya gari, na Mungu akamnusuru.

Mapema Aprili 2015 wakulima wa kaskazini mwa Burundi wakaanza kuvuka kwenda Rwanda kwa maelfu. Wakati huo Rais Pierre Nkurunziza hakuwa ametangazwa hata kuwa mgombea. Watu walihama kwa sababu walikuwa wameshasoma alama za kijijini kwao: nani anapita usiku, nani ameacha kusalimia. Tarehe 25 Aprili chama kikampitisha kugombea muhula wa tatu, kesho yake maandamano yakaanza, na tarehe 13 Mei ninyi mkakutana Dar es Salaam kulijadili suala hilo. Wengine wenu mlikuwepo na hadi leo mpo. Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwa ajili ya kikao hichohicho wakati Jenerali Godefroid Niyombare alipotangaza redioni, Bujumbura, kwamba amempindua. Mapinduzi yalishindwa ndani ya siku mbili. Sina hakika kama katika historia ya diplomasia yetu kumewahi kuwa na kikao kilichochelewa kwa kipimo kilicho wazi kiasi hicho.

Wakati huo sisi tulikuwa na Kagunga. Kwa asiyepajua, ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Kigoma, mpakani kabisa na Burundi, kati ya ziwa na mlima mkali. Gari halifiki. Mwezi Mei watu wakajaa pale makumi kwa maelfu, juu ya ukanda mwembamba wa mchanga usio na vyoo vya kuwatosha hata wenyeji. Wakanywa maji ya ziwa, na ziwa hilohilo ndilo lililokuwa choo. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa wamefika kama 3,000 na waliokufa walikuwa zaidi ya 30, wakiwemo wenyeji. Njia ya kuwatoa ilikuwa ni kwa maji tu, na meli iliyokuwepo ni MV Liemba, chombo kilichojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, chenye uwezo wa kubeba abiria 600. Ikawa inakwenda na kurudi, inashusha watu Kigoma, wanapelekwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi Nyarugusu, kambi ambayo tayari ilikuwa na Wakongo tangu 1996.

Mpango wa dharura wa ukanda wenye uchumi wa mabilioni ya dola ulikuwa meli ya miaka mia moja.

Yaliyofuata mnayafahamu kuliko mimi, lakini nitayapitia kwa sababu tarehe zenyewe zina la kusema. Tarehe 31 Mei mlikaa tena Dar es Salaam mkaomba uchaguzi usogezwe angalau mwezi mmoja na nusu. Tarehe 6 Julai mkakaa tena, mkapendekeza uchaguzi wa rais ufanyike tarehe 30 Julai, mkamteua Rais Museveni kuwa msuluhishi. Burundi ikapiga kura tarehe 21 Julai. Desemba, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika likaidhinisha askari 5,000 na kuipa Burundi saa 96 ikubali, la sivyo Umoja ungekwenda kwenye hatua nyingine. Burundi ikasema hapana. Mwishoni mwa Januari 2016 Wakuu wa Nchi za Afrika wakakutana Addis Ababa na kuamua kwamba askari hawaendi. Zile saa 96 zikaisha hivyo. Mzee Mkapa, Mungu amrehemu, akakabidhiwa meza ya mazungumzo, akahangaika nayo Arusha hadi Oktoba 2018, serikali ya Burundi ikasusia duru ya mwisho. Mwaka 2017 wakimbizi wa Burundi walikuwa wamepita 400,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa huku kwetu: Nyarugusu, Nduta, Mtendeli.

Naona watu wengi huiweka hadithi hii katika kapu la ukosefu wa nia ya kisiasa, kisha wanafunga mjadala. Mimi sikubaliani. Nia ya kisiasa ni jambo la moyoni na siwezi kuwaandikia barua kuhusu mioyo yenu. Naandika kuhusu utaratibu, kwa sababu utaratibu mnaweza kuubadilisha kikao kijacho.

Utaratibu wenyewe ukoje? Mnayo Itifaki ya Amani na Usalama ya 2013, na ndani yake kuna mfumo wa tahadhari ya mapema: kituo Arusha, vituo vya kitaifa katika nchi wanachama, wachambuzi wanaosoma magazeti, ripoti na viashiria. Umoja wa Afrika nao uliweka mfumo wa bara zima katika Ibara ya 12 ya itifaki iliyoanzisha Baraza la Amani na Usalama mwaka 2002, ukiwa na chumba cha ufuatiliaji Addis Ababa kinachopaswa kupokea taarifa kutoka jumuiya za kanda. Kwenye karatasi ni mfumo mzuri. Nawaheshimu vijana wanaofanya kazi hiyo, maana ni kazi ya kuamka kila siku na kusoma mabaya. Lakini jiulizeni taarifa ikishaandikwa inakwenda wapi. Inapanda ngazi moja hadi nyingine, na kila ngazi ina maofisa wa nchi wanachama, pamoja na wa nchi inayotajwa. Ikifika kwa Baraza la Mawaziri, waziri wa nchi hiyo amekaa mezani. Ikifika kwenu, rais wa nchi hiyo amekaa mezani, na Ibara ya 12 ya Mkataba wa Jumuiya yetu inasema maamuzi yenu ni kwa maafikiano. Mchambuzi mwenye akili timamu, mwenye mkataba wa ajira na watoto shuleni, atajifunza upesi kuandika kwamba hali ni tete.

IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, walilijua tatizo hili mapema, wakalikwepa kwa ujanja ambao siwezi kuubeza. Walipoanzisha CEWARN, mfumo wao wa tahadhari ya mapema, kwa itifaki ya Khartoum mwaka 2002, walianza na wizi wa mifugo na mapigano ya wafugaji mipakani: Wakaramojong, Waturkana, Wapokot, na majirani zao wa Ethiopia na Sudan. Serikali zilikubali kufuatiliwa kwenye hilo kwa sababu ng'ombe hana balozi. Waangalizi wa vijijini wakaandika nani ameibiwa, silaha zimeongezeka wapi, malisho yamekauka wapi, wanawake wameacha kwenda soko lipi. Kazi hiyo iliokoa watu, na iliwafundisha wengi jinsi taarifa ndogondogo zinavyojenga picha kubwa. Ila tazameni kilichotokea Aprili 2023, majeshi mawili yalipoanza kupigana katikati ya Khartoum, mji uleule itifaki iliposainiwa. Mfumo uliojengwa kuhesabu ng'ombe haukuwa na ruhusa ya kuhesabu majenerali.

Afrika Magharibi wana mfano mwingine, nao msiupuuze kwa sababu tu leo hii jumuiya yao, ECOWAS, ina matatizo yake. Yahya Jammeh aliposhindwa uchaguzi wa Gambia Desemba 2016, akakubali matokeo, kisha akageuka, marais wa kanda walikuwa Banjul ndani ya siku chache. Januari 2017 askari wa ECOWAS wakavuka mpaka, na tarehe 21 Jammeh akapanda ndege akaondoka. Najua Gambia ni nchi ndogo iliyozungukwa na Senegal, na najua Jammeh hakuwa na rafiki wa kumtetea. Najua pia kwamba Mali, Burkina Faso na Niger zimejitoa rasmi tangu Januari 2025, zikiishutumu jumuiya hiyo kwamba ina macho makali kwa wanajeshi wanaopindua na macho laini kwa marais wanaobadili katiba. Shutuma hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo Gambia inatuonyesha kitu kimoja: palikuwa na kanuni iliyoandikwa kabla, kwamba uchaguzi ukipinduliwa kanda itaingilia. Hapakuwa na haja ya kuanza kubishana kama jambo hilo ni la ndani.

Sasa Kongo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa na kwa sababu ninyi wenyewe mliipokea katika Jumuiya mwaka 2022 kwa shangwe.

Kama kuna mji duniani ambao haukuhitaji tahadhari ya mapema zaidi, ni Goma, mashariki mwa Kongo. Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu uliweka hapo, mwaka 2012, kituo cha pamoja cha taarifa za kijasusi na utaratibu wa pamoja wa kuhakiki matukio ya mpakani. Mwaka huohuo, tarehe 20 Novemba, waasi wa M23 wakaingia Goma. Umoja wa Mataifa ulikuwa hapo na maelfu ya askari. Kikosi cha Jumuiya yetu kilifika Novemba 2022 na makao yake yakawa Goma, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda. Askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakaingia mwezi huohuo. Sidhani kama kuna mji mwingine Afrika uliowahi kuwa na macho mengi ya kikanda yaliyokaa pamoja hivyo.

Na macho yaliona. M23 walianza tena Novemba 2021 kwenye vilima vya Rutshuru. Juni 2022 wakachukua Bunagana, mpakani na Uganda. Mwishoni mwa Oktoba wakachukua Rutshuru na Kiwanja. Februari 2024 vita vikafika Sake, kilomita 25 hivi kutoka Goma, na kambi za Bulengo, Rusayo na Kanyaruchinya zikajaa watu ambao wengine walikuwa wanakimbia kwa mara ya tatu au ya nne. Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba wanakadiria askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Kongo pamoja na M23. Rwanda imekanusha kuwaunga mkono M23, inasema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na wataalamu walewale waliandika pia kwamba jeshi la Kongo linashirikiana na FDLR. Sitaki kuingia katika ubishi wa nani alianza. Nasema yote mawili yalikuwa yameandikwa, yamechapishwa, na yapo mezani kwenu miezi sita kabla Goma haijaanguka mwishoni mwa Januari 2025.

Tarehe 29 Januari mkaitana kwa video. Rais Tshisekedi wa Kongo hakuingia. Tarehe 8 Februari mkakutana na SADC Dar es Salaam, mkawaagiza wakuu wa majeshi wakae ndani ya siku tano wapange usitishaji wa mapigano. Siku sita baada ya kikao chenu M23 wakaanza kuingia Bukavu. Kati ya waliokufa katika vita vile wamo askari 14 wa Afrika Kusini na wawili wa JWTZ, vijana wetu. Na Desemba 2025, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini Washington, vita vikafika Uvira. Uvira, Waheshimiwa, ni ziwa letu. Ni mwendo wa boti.

Kutia saini Washington, na mazungumzo mengine Doha: sina kinyongo na anayeleta amani, hata akitoka mbali. Lakini inauma kidogo kwamba majirani wanaoweza kuzungumza bila mkalimani walihitaji meza ya Marekani na ya Qatar. Na sijasikia popote kwamba tulifika huko kwa kukosa taarifa.

Kabla hamjaniambia kwamba ni rahisi kwa Mtanzania kunyooshea wengine kidole, ngoja niseme la kwetu. Mwaka 2025 Chadema ilizuiwa kushiriki uchaguzi, mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo akaenguliwa. Mtoto wa sekondari angeweza kuandika tahadhari ya mapema kutokana na hayo. Tarehe 29 Oktoba ikafika, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka usiku, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi sasa. Waangalizi wa SADC wakasema kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha matakwa yao. Walisema hivyo baada ya kura. Kabla ya kura, nani katika Jumuiya yetu, ambayo makao makuu yake yako katika nchi hiyohiyo, alikuwa na ruhusa ya kubisha hodi Dodoma na kuuliza? Mfumo ambao haumwoni mwenye nyumba hauwezi kuaminiwa na mgeni.

Nije kwenye ninachoomba.

Mkataba wenu wa 1999 una silaha ambazo hazitumiki, na moja wapo ingeweza kutosha. Ibara ya 71 inaipa Sekretarieti uwezo wa kuchunguza na kukusanya taarifa kwa hiari yake kuhusu jambo lolote linaloigusa Jumuiya. Ibara ya 29 inamtaka Katibu Mkuu, akiona nchi imekiuka Mkataba, aiandikie nchi hiyo ijieleze. Mahakama ya Afrika Mashariki iliwahi kulisema hili katika shauri la Katabazi mwaka 2007, kwamba haijalishi taarifa imemfikia Katibu Mkuu kwa njia gani. Kwa hiyo wajibu wa kujibu upo tayari katika sheria zetu. Tatizo ni saa yake: Ibara ya 29 inaipa nchi miezi minne ya kujibu. Miezi minne inafaa kwa mgogoro wa ushuru wa maziwa ya unga. Kutoka Goma hadi Bukavu zilikuwa wiki tatu.

Naomba basi kuwe na kifungu maalumu kwa tahadhari za amani: Katibu Mkuu akishapeleka tahadhari kwa nchi, nchi ijibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Isipojibu, jambo liingie lenyewe kwenye ajenda ya kikao cha mawaziri kinachofuata, bila kuhitaji idhini ya mtu. Jibu linaweza kuwa hatukubaliani, hakuna tatizo, na hizi hapa sababu zetu. Hilo nalo ni jibu, maana litabaki kwenye kumbukumbu na jina la aliyelitia saini. Nadhani mawaziri wengi wataandika kwa uangalifu zaidi wakijua kuwa karatasi hiyo itasomwa tena baada ya miaka miwili.

Ombi la pili ndilo gumu, na ndilo lenye uzito. Ibara ya 148 ya Mkataba inasema kwamba nchi inapojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa uanachama, maoni yake hayahesabiwi katika kutafuta maafikiano. Yaani waliouandika Mkataba walikwishajua kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa shauri lake. Walilijua kwa hatua ya mwisho, ile ya kufukuza, ambayo hamjawahi kuitumia na sidhani kama mtaitumia. Kwa nini kanuni hiyohiyo isitumike mwanzoni, wakati bado hakuna aliyekufa na kinachotakiwa ni kutuma wazee watatu wakaulize? Nchi inayotajwa isikilizwe, ieleze, hata ikae chumbani mpaka mwisho wa kikao. Ila isiwe na uwezo wa kuzuia ujumbe usiondoke.

Kuna watakaosema huko ni kuingilia mambo ya ndani. Nawajibu kwa hesabu za Kigoma tu. Muhula wa tatu wa Burundi ulikuwa jambo la ndani hadi ulipofika Kagunga. Baada ya hapo uliingia kwenye misitu yetu ya Kasulu na Kibondo iliyokatwa kuni, kwenye foleni za zahanati, na kwenye chuki kati ya wenyeji na wakimbizi ambayo wanasiasa wetu hawakusita kuichochea. Kama gharama zinavuka mpaka, swali nalo livuke.

Wengine watasema tahadhari zikitolewa ovyo zitaleta taharuki. Hoja hii naiheshimu zaidi. Zipo tahadhari zitakazokosea. Wazee watapanda ndege kwenda mahali, watakuta watu wanacheza bao, watarudi. Tukubali hasara hiyo mapema ili mtu asije akaitumia siku ya pili kuufunga mfumo wote. Kuhusu usiri, sitaki kila kitu kitangazwe siku hiyohiyo. Kuna watoa taarifa wa kulindwa, na yaliyompata Mzee Mbonimpa yanatosha kuwa funzo. Ila mwaka mmoja baada ya kila tahadhari, Bunge la Afrika Mashariki lipewe orodha: ilitolewa lini, ilipelekwa kwa nani, ilijibiwa lini, jibu lilikuwa nini. Majina ya watoa taarifa yafutwe, tarehe zibaki.

Na jambo dogo la mwisho, ambalo halihitaji kurekebisha Mkataba wala fedha nyingi, maana najua habari ya malimbikizo ya michango. Vituo vyenu vya kitaifa viko kwenye miji mikuu. Wachambuzi wanasoma kuhusu Kagunga kutoka Dodoma. Wekeni watu wa kusikiliza kwenye milango yenyewe: Kibirizi, Kabanga, Bunagana, Gatumba, Busia, Rusumo. Si lazima wawe maofisa. Mwenyekiti wa umoja wa wenye boti anajua idadi ya abiria wa wiki hii na ya wiki iliyopita. Kina mama wanaobadilisha faranga kwa shilingi wanajua siku ambayo watu wameanza kuuza akiba zao kwa bei ya kutupa. Mganga wa zahanati ya mpakani anajua majeraha ya panga na ya shamba yanavyotofautiana. Watu hawa wapewe namba moja ya simu ya bure na mtu wa upande wa pili anayezungumza Kiswahili, na kila anayepiga arudishiwe jibu kwamba taarifa yake imefika na imepelekwa kwa fulani. Watu huacha kutoa taarifa wanapoona hazirudi na chochote. Hilo nimelisikia mwaloni mara nyingi, kutoka kwa wavuvi wanaosema walishaeleza, wakaambiwa ahsante, basi.

Naomba mambo haya mawili, muda wa siku 14 na matumizi ya kanuni ya Ibara ya 148 kwa tahadhari, yaingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho cha kawaida, na jibu lenu litolewe hadharani, hata likiwa la kukataa.

Wenu katika Jumuiya,

Mkazi wa Ujiji, Kigoma

Nakala:
Spika, Bunge la Afrika Mashariki, Arusha
Kamati ya Bunge hilo ya Masuala ya Kikanda na Utatuzi wa Migogoro
Kamishna wa Siasa, Amani na Usalama, Umoja wa Afrika, Addis Ababa
Mkuu wa Mkoa, Kigoma